Waterloo ya nani? Mifano ya vita vya kale inapowageukia wenyewe bungeni

MtunzaKumbukumbu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nataka tujadili ugonjwa mmoja wa wanasiasa ambao haujapata dawa. Mtu anapinga muswada. Hoja za muswada wenyewe ni ndefu, zinachosha, hazitoi kichwa cha habari. Basi anachota jina la vita maarufu na kumvisha mpinzani wake: huyu atakiona cha moto hapa, hii ndiyo Waterloo yake (vita vya 1815 vilivyommaliza Napoleon wa Ufaransa). Waandishi wanachangamka, wafuasi wanapiga makofi. Muda si mrefu jina lile lile liko shingoni mwake mwenyewe.

Mfano wa kufundishia ni wa Marekani. Tarehe 17 Julai 2009 seneta Jim DeMint wa South Carolina, wa chama cha Republican kinachompinga Rais Obama wa Democrat, akiwa kwenye simu ya pamoja na wanaharakati wa kihafidhina, alisema wakiweza kumzuia Obama kwenye muswada wa bima ya afya, itakuwa Waterloo yake na itamvunja. Naweka kalenda, maana bila kalenda tutapiga porojo tu:

- 28 Aprili 2009: Seneta Arlen Specter wa Pennsylvania anahama Republican na kujiunga na Democrat.
- 7 Julai: Al Franken wa Minnesota anaapishwa baada ya kura kuhesabiwa upya na kesi kuisha. Wademokrat na wenzao wawili wasio na chama wanatimia 60.
- 17 Julai: kauli ya Waterloo.
- 7 Novemba: Baraza la Wawakilishi linapitisha muswada wake, 220 kwa 215. Republican mmoja tu anaunga mkono, Joseph Cao wa Louisiana.
- 24 Desemba: Seneti inapitisha wa kwake, 60 kwa 39.
- 19 Januari 2010: Scott Brown wa Republican anashinda kiti cha Massachusetts kilichoachwa na marehemu Edward Kennedy. Wademokrat wanabaki 59.
- 21 Machi: Wawakilishi wanaupitisha muswada wa Seneti kama ulivyo, 219 kwa 212.
- 23 Machi: Obama anatia saini.

Hebu tazameni mstari wa pili na wa tatu. DeMint alitangaza vita vya mwisho siku 10 baada ya upande wa pili kukamilisha idadi ya kufunga mjadala Seneti (kura 60; bila hizo wapinzani wanaweza kukwamisha muswada kwa maneno). Jenerali anayetangaza siku ya maangamizi ya adui bila kuhesabu farasi wa adui, huyo hata historia ya Waterloo yenyewe hajaielewa.

Hoja yangu ni hii. Vita kama Waterloo huisha kwa siku moja, na uwanja uliotekwa saa nane unaweza kunyang'anywa saa kumi. Muswada haupo hivyo. Kura iliyopita katika baraza moja inabaki imepita hadi Bunge hilo linapomaliza muda wake. Anayechukua mfano wa vita anasahau jambo hilo, kisha analipa.

Karibuni.

KaraniWaKanuni

Mtunza, umeianza vizuri. Niongeze upande wa kanuni, kwa sababu ndiko jambo lilikoamuliwa.

Muswada wa Seneti ulikuwa na namba ya Wawakilishi, H.R. 3590. Katiba ya Marekani inataka miswada ya mapato ianzie Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo Harry Reid, kiongozi wa wengi Seneti, alichukua muswada uliokwisha kupita kule, uliohusu nafuu ya kodi ya nyumba kwa wanajeshi, akautoa matumbo yote na kujaza bima ya afya ndani yake. Ganda la muswada mmoja, nyama ya mwingine.

Kisha zikaja kura za kufunga mjadala. Hoja ya kufunga mjadala husainiwa na maseneta 16, inalala siku moja ya kikao katikati, halafu inapigiwa kura. Ikipata 60, zinabaki saa 30 za mwisho za mjadala. Wapinzani walidai saa zote 30 kila mara, ndiyo maana kura ya kwanza ya wiki ile ilipigwa saa saba usiku tarehe 21 Desemba (60 kwa 40) na ya mwisho asubuhi ya mkesha wa Krismasi.

Walijaribu na ucheleweshaji wa mikono mitupu. Tarehe 16 Desemba seneta Tom Coburn alikataa kuondoa usomaji wa marekebisho ya Bernie Sanders, yenye kurasa 767. Kwa kawaida usomaji huondolewa kwa ridhaa ya wote; mmoja akikataa, karani anasimama na kusoma neno kwa neno. Walisoma kama saa tatu hivi, kisha Sanders akaondoa marekebisho yake mwenyewe, usomaji ukafa hapo hapo. Warepublikan walilalamika kwamba haikuruhusiwa kuyaondoa usomaji ukiwa unaendelea. Mwenye kiti hakukubali.

Mnaona? Hizo zote ni mbinu za kuchelewesha. Mbinu za kuchelewesha zina maana kama una jeshi la akiba linalokuja. Mwezi Desemba jeshi la akiba halikuwapo.

Chipukizi_07

Samahani wakuu, swali la mgeni. Kama walihitaji 60 na Brown akaja akawapunguza kuwa 59, walipitaje Machi?

KaraniWaKanuni

Chipukizi, swali zuri na ndilo kiini.

Jibu ni kwamba Machi hawakuhitaji tena 60 kwa muswada mkuu. Seneti ilikwisha kuupitisha Desemba. Kilichobaki ni Wawakilishi kuukubali bila kugusa hata nukta. Siku hiyo Baraza lilikuwa na wajumbe 431, maana viti vinne vilikuwa wazi, kwa hiyo lengo lilikuwa 216. Spika Nancy Pelosi alipata 219. Wademokrat 34 walipiga kura ya hapana pamoja na Warepublikan wote 178.

Ila wajumbe wengi hawakuupenda muswada wa Seneti, walitaka urekebishwe. Marekebisho yakawekwa kwenye muswada wa pili, H.R. 4872, uliopitia utaratibu wa bajeti ambao mjadala wake Seneti una kikomo cha saa 20, kwa hiyo hauwezi kukwamishwa kwa maneno na unapita kwa wingi wa kawaida. Masharti yake ni makali. Kila kifungu lazima kiguse mapato au matumizi, na kile kisichogusa kinapigwa chini kwa Kanuni ya Byrd. Mshauri wa kanuni wa Seneti ndiye anayesema kipi kimo na kipi hakimo.

Hapo wapinzani wakabadili shabaha. Wakaleta marekebisho mfululizo. Coburn alileta moja la kuzuia dawa za nguvu za kiume zisilipiwe kwa wahalifu wa ngono. Nani anataka kupiga kura ya hapana kwa hilo? Lakini Wademokrat walipiga hapana, kwa sababu neno moja likibadilika muswada unarudi kwa Wawakilishi. Mwishowe Warepublikan walipata vipengele viwili vidogo kuhusu ruzuku za wanafunzi vilivyokiuka Kanuni ya Byrd. Vikafutwa, Seneti ikapitisha 56 kwa 43 tarehe 25 Machi, Wawakilishi wakarudia kura usiku huo huo: 220 kwa 207. Basi. Ushindi wote wa siku hiyo ulikuwa kuwalazimisha watu wapige kura mara ya pili kabla ya kulala.

BintiWaTarehe

Naomba niingie kwa upande wa vita vyenyewe, kwa sababu naona watu wanasema Waterloo kama vile maana yake ni "kushindwa vibaya" tu.

Waterloo, 18 Juni 1815, ipo Ubelgiji ya leo. Napoleon alikuwa na watu kama 73,000, Wellington, jenerali wa Waingereza na washirika wao, kama 68,000. Napoleon ndiye aliyekuwa akishambulia na ndiye aliyekuwa akibanwa na saa: alitakiwa amvunje Wellington kabla Waprusia (Wajerumani wa ufalme wa Prussia) wa Blücher, washirika wa Wellington, hawajafika. Mvua ya usiku iliacha matope, mizinga ikawa haisogei, akasubiri hadi kama saa tano na nusu asubuhi ndipo akaanza. Saa kumi jioni Marshal Ney akatupa wapanda farasi mara kwa mara juu ya miraba ya askari wa miguu bila kuwapa askari wa miguu wa kuwasaidia. Waliipita mizinga ya Wellington na hawakuiharibu. Wakirudi nyuma, wapiga mizinga wanatoka kwenye miraba na kuendelea kufyatua. Kwenye saa kumi na nusu Waprusia wakatokea upande wa kulia wa Wafaransa, kijiji cha Plancenoit. Ngome ya shamba la La Haye Sainte iliangukia Wafaransa jioni kwa sababu walinzi wake waliishiwa risasi. Karibu saa moja na nusu jioni Walinzi wa Kifalme wa Napoleon walipanda kilima, wakarudishwa, jeshi likavunjika.

Sasa pachika. Obama ndiye aliyepeleka muswada, basi Obama ni Napoleon, mshambuliaji. Warepublikan ni Wellington, wamekaa kilimani wakilinda hali iliyopo. Mpaka hapa DeMint yuko sawa kabisa! Wellington alihitaji kitu kimoja tu, kushikilia mpaka Blücher afike. Na Blücher wa Warepublikan alikuja kweli: ni Scott Brown, 19 Januari.

Kasoro ni kwamba alifika wiki nne baada ya kilima kutekwa.

Kwa hiyo dada yenu nasema mfano haukuwa wa kijinga. Ulikuwa mzuri kuliko mwenyewe alivyojua. Kama angeuchukua kwa uzito angeuliza swali la Wellington: Waprusia wangu wako wapi na watafika saa ngapi? Julai 2009 Kennedy alikuwa bado hai, uchaguzi wa Massachusetts haukuwapo kwenye kalenda.

MtunzaKumbukumbu

BintiWaTarehe, hiyo ya Brown kuwa Blücher aliyechelewa naiazima bila kurudisha.

MzeeWaHojaKinzani

Wanangu, mnasherehekea mapema. Novemba 2010 Wademokrat walipoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi na sita Seneti. Spika Pelosi akakabidhi rungu. Kuanzia Januari 2011 Obama hakupitisha tena jambo kubwa la namna ile. Kama hiyo si kuvunjwa, ni nini? DeMint alikosea siku, hakukosea matokeo.

BintiWaTarehe

Shikamoo mzee. Nakubali viti 63 ni pigo, tena pigo kubwa. Ila neno alilochagua ni Waterloo, na Waterloo ina maana yake. Siku nne baada ya vita Napoleon alijiuzulu, miezi michache baadaye yuko kisiwa cha Saint Helena, na alichokijenga kikavunjwa. Obama alichaguliwa tena Novemba 2012. Mahakama Kuu iliiacha sheria isimame kwa 5 kwa 4 tarehe 28 Juni 2012. Mwaka 2017 Warepublikan, wakiwa na rais, Seneti na Wawakilishi, walijaribu kuifuta. Muswada wao wa mwisho Seneti ulianguka 49 kwa 51 usiku wa kuamkia 28 Julai, Republican mwenzao John McCain akishusha dole gumba.

Kama unatafuta vita vinavyofanana na 2010 upande wa Wademokrat, nakupa Bunker Hill, katika vita vya uhuru wa Marekani, 17 Juni 1775. Waingereza walikitwaa kilima (ambacho kwa kweli ni Breed's Hill, jina lilikosewa), lakini walipoteza zaidi ya 1,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa. Waliteka, na walilipa. Hapo mzee tutakubaliana.

MzeeWaHojaKinzani

Marahaba. Bunker Hill naipokea. Lakini angalia, Waingereza vita ile nzima walishindwa baadaye, na sheria ya Obama bado ipo. Mfano wako nao unavuja.

BintiWaTarehe

Unavuja, mzee. Yote inavuja. Tunachopima ni unavujia wapi.

Mnadhimu_Mstaafu

Mmeongea kalenda na vita. Mimi niongee kura, maana ndiyo kazi ya mnadhimu: kujua nani anayumba na nini kinamyumbisha.

Kauli ya DeMint ilikuwa na madhara matatu yanayopimika, na yote yalikwenda upande usiotakiwa.

La kwanza, liliwapa Wademokrat wanaoyumba sababu ya kukaa ndani. Mjumbe wa jimbo gumu anaweza kumwambia kiongozi wake, "Muswada huu una gharama, siuwezi." Hiyo ni lugha ya kawaida. Lakini mpinzani akishasema hadharani kwamba hapana kwa muswada ni kumvunja rais, hapana ya huyo mjumbe inabadilika rangi. Sasa anasaliti. Siku chache baadaye Obama aliichukua kauli ile na kuirudisha: jambo hili halinihusu mimi, linahusu familia zinazofilisiwa na matibabu. Hakuhitaji mwandishi wa hotuba, adui alimwandikia.

La pili, liliwafunga Warepublikan wenyewe. Kiangazi kile kulikuwa na maseneta sita wa Kamati ya Fedha wakizungumza, watatu kila upande: Max Baucus, Kent Conrad na Jeff Bingaman kwa Wademokrat, Chuck Grassley, Mike Enzi na Olympia Snowe kwa Warepublikan. Ukishasema ni Waterloo, utamwambiaje Grassley aende akanunue robo ya muswada? Huwezi kununua robo ya Waterloo. Bei ya kukubaliana ilipanda mpaka hakuna aliyeweza kuilipa.

La tatu, na hili watu hulipita haraka: lilihamisha nguvu kutoka vifungu kwenda kwenye mtu. Vifungu vya muswada vilikuwa na udhaifu mwingi wa kushambuliwa. Ila mezani likabaki swali moja, rais anasimama au anaanguka.

David Frum, aliyewahi kuwa mwandishi wa hotuba wa George W. Bush, aliandika siku ile ile ya kura ya 21 Machi kwamba Waterloo ilikuwa kweli Waterloo, ila ya Warepublikan. Alisema walichagua yote au hapana, wakaishia na hapana. Siku nne baadaye aliachana na taasisi ya fikra aliyokuwa akifanyia kazi. Kusema ukweli ndani ya kambi kunauma kuliko risasi ya adui.

MzeeWaHojaKinzani

Mnadhimu, na upande wa pili je? Msije mkafanya uzi huu wa chama kimoja.

Mnadhimu_Mstaafu

Haki yako mzee. Tarehe 7 Desemba 2009 Harry Reid alisimama Seneti akawafananisha wanaosema "twendeni polepole" na wale waliosema hivyo wakati wa kukomesha utumwa na wakati wa haki za kiraia. Si vita hasa, lakini ni mfano wa historia, na ulimlipukia kwa saa chache.

Kosa lake ni la kiufundi. Chama cha Republican kilizaliwa katika miaka ya 1850 kwa kupinga utumwa usienee. Na waliovuta mjadala Seneti dhidi ya haki za kiraia walikuwa hasa Wademokrat wa Kusini. Mwaka 1957 Strom Thurmond, wakati huo Democrat, alizungumza saa 24 na dakika 18. Mwaka 1964 kura ya kufunga mjadala ilipita 71 kwa 29, na 27 kati ya hizo 71 ni za Warepublikan. Reid alichomoa upanga kwenye ala ya babu yake mwenyewe.

Yeye aliokoka kwa sababu moja: kura 60 alikuwa nazo. Mfano mbaya ukiwa na kura unakuwa aibu ya siku mbili. Ukiwa huna kura, unakuwa kaburi.

KaraniWaKanuni

Hapo sasa tumefika 2013, maana ndiko mfano mbaya ulikokutana na kukosa kura.

Septemba 2013 seneta Ted Cruz wa Republican alitaka fedha za sheria ya afya zikatwe kwenye muswada wa matumizi ya serikali. Alisimama 24 Septemba mchana na kuzungumza saa 21 na dakika 19. Ndani yake akawafananisha waliokuwa wakisema haiwezekani na Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, yaani waliompa Hitler njia Munich 1938.

Kanuni kwanza. Hotuba ile haikuwa ya kukwamisha kitu. Kura ya kufunga mjadala ilikwisha kupangwa, na saa sita mchana 25 Septemba angelazimika kukaa hata kama bado ana pumzi. Alikaa. Kura iliyofuata ya kuendelea na muswada ilikuwa 100 kwa 0, na yeye mwenyewe kati ya hao 100. Tarehe 27 kipengele cha kukata fedha kiliondolewa kwa 54 kwa 44.

McCain alisimama siku ile ile kumpinga mwenzake wa chama. Baba yake na babu yake walipigana vita ile, na aliona kuwaita wasiokubaliana na mbinu "watu wa Munich" ni kuwadharau waliokufa. Aliongeza kwamba sheria ilishajadiliwa, na uchaguzi wa 2012 ulishafanyika.

Lakini hata tukiacha heshima, mfano haufiti. Chamberlain alikuwa na kitu cha kutoa. Warepublikan 2013 walikuwa wachache Seneti, na rais mwenye kalamu ya turufu alikuwa Obama. Kupindua turufu kunahitaji theluthi mbili katika kila baraza.

Tena fedha nyingi za sheria ile ni za lazima kisheria, hazipitii muswada wa matumizi wa kila mwaka. Serikali ilifungwa 1 Oktoba 2013. Siku hiyo hiyo masoko ya bima ya sheria ile yakafunguliwa.

BintiWaTarehe

Karani, usiiache ile tamu. Tovuti ya masoko hayo siku ya kwanza ilikuwa hoi. Kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha watu sita ndio waliofanikiwa kujiandikisha siku ile. Sita, nchi nzima! Adui alikuwa amelala uwanjani bila viatu, na vichwa vya habari kwa siku 16 vilikuwa vya kufungwa kwa serikali. Tarehe 16 Oktoba Seneti ikapiga 81 kwa 18, Wawakilishi 285 kwa 144, serikali ikafunguliwa, na fedha za sheria hazikuguswa.

Chipukizi_07

Kwa Uingereza je? Wakati wa Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya) nilikuwa nasikia "Spartans" kila siku.

BintiWaTarehe

Hao wana mambo mawili tofauti.

La kwanza ni mbunge Jacob Rees-Mogg, mkutano wa chama cha Conservative wa Oktoba 2017, akitaja Waterloo, Crécy na Agincourt na kusema hivi vyote tunashinda. Crécy ni 1346, Agincourt ni 1415, na ni kweli Waingereza walishinda siku zile. Ila vita vilivyozibeba ni Vita vya Miaka Mia, na vilikwisha 1453 pale Castillon, Waingereza wakiwa wamebaki na Calais tu katika bara la Ufaransa. Calais nayo ikaenda 1558. Na Waterloo kuitumia kutetea kujitoa Umoja wa Ulaya, hapo mtu anahitaji ujasiri: Waingereza walikuwa kama theluthi moja tu ya jeshi la Wellington. Waliobaki ni Wajerumani, Waholanzi na Wabelgiji, kisha ndipo Waprusia wakaja. Ni mfano mzuri kabisa, kwa upande wa pili.

La pili ni Spartans, wabunge 28 wa Conservative waliokataa mkataba wa kujitoa wa waziri mkuu wao Theresa May hata mara ya tatu. Jina linatoka Thermopylae, 480 kabla ya Kristo, ambako Waspata 300 walikufa wakizuia njia. Kura zilikuwa: 15 Januari 2019, May alishindwa 432 kwa 202, 12 Machi, 391 kwa 242, 29 Machi, 344 kwa 286.

MzeeWaHojaKinzani

Na hao hawakushindwa. May aliondoka, wakapata mkataba mgumu zaidi.

BintiWaTarehe

Kweli mzee, kwao mfano haukuwalipukia. Nadhani ni kwa sababu waliuvaa wenyewe, hawakumvisha mpinzani. Anayejiita Mspata anajifunga mwenyewe kutokurudi nyuma. Anayemwita mwenzake Napoleon anamfunga mwenzake asirudi nyuma. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, kubwa kwa kura.

Ila kuna hesabu inayochekesha. Hamisha wote 28 kwenda upande wa May tarehe 29 Machi: 286 inakuwa 314, 344 inakuwa 316. Bado anashindwa kwa kura mbili. Njia waliyokuwa wakiilinda ilikuwa na walinzi wengine ambao hakuna aliyewaandikia utenzi.

KaraniWaKanuni

Kwa wanaoandika hotuba za wabunge, hii ndiyo njia ya kupima mfano wa vita kabla haujatoka mdomoni. Kaa na karatasi.

Andika nani alishambulia na nani alilinda, kisha andika nani bungeni anapeleka hoja na nani anazuia. Zikipishana, tupa. Andika saa ilikuwa upande wa nani. Mtetezi anayesubiri msaada anataka muda. Kama kwako muda unamsaidia mpinzani, mfano unamwambia yeye asubiri. Andika nani alifika akichelewa, kwa sababu kila vita maarufu ina mtu huyo, na mwandishi wa habari atamtafuta. Halafu nenda mbele miaka 40: vita ile ndani ya vita kubwa, nani alishinda? Agincourt inaanguka hapa.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachopuuzwa zaidi. Chukua sentensi yako, badilisha jina la mpinzani weka la chama chako, usome siku ya kushindwa. "Ilikuwa Waterloo yao." Ikisomeka vizuri kama kichwa cha habari, umemwandalia mtu kichwa cha habari.

Na hesabu kura kwanza. Kwa majina, sio kwa hisia.

Chipukizi_07

Swali la mwisho, nisamehewe. Nilisoma kwamba Napoleon alikuwa na watu wengine hawakufika uwanjani. Katika mfano wenu hao ni nani?

BintiWaTarehe

Hao ni wa Marshal Grouchy. Tarehe 17 Juni Napoleon alimpa watu kama 33,000 wawafukuze Waprusia waliopigwa siku moja kabla pale Ligny. Tarehe 18 alisikia mizinga ya Waterloo; Jenerali Gérard akamsihi wageuke waifuate sauti. Akakataa, akashika amri aliyopewa, akapigana na kikosi cha nyuma cha Waprusia pale Wavre huku wengine wakimkimbilia Wellington.

Kwa kuwa Obama ndiye Napoleon wetu, Grouchy ni Baucus. Kiangazi chote alikuwa akiwafukuza Warepublikan watatu wa kamati yake, muswada umekaa, mikutano ya wananchi ya Agosti inawaka moto.

Mnadhimu_Mstaafu

Ila Baucus alirudi. Tarehe 13 Oktoba kamati ilipitisha muswada wake 14 kwa 9. Kati ya wale watatu aliowafukuza alileta mmoja, Snowe. Na Desemba, kwenye kura ya Seneti nzima, Snowe naye alipiga hapana.